Sura ya Sita: Tundu Katika Chokaa

Gombo lilifika nyumbani kwangu ndani ya kiroba cha unga, limeviringwa kwenye kanga kuukuu. Aliyelileta ni kijana wa Ngamiani, mtoto wa majirani zetu wa zamani, na tangu utotoni huniita mjomba. Aliamkia, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kisha akashuka chini akakunjua mzigo wake juu ya mkeka, taratibu, kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayefunua kitoto kilicholala.

Kilikuwa kitambaa cha hariri, au chenye mng'ao wa hariri, kirefu kuliko mkeka wenyewe. Rangi zilifuatana vipande vipande: manjano, nyekundu, buluu, nyeupe. Upande mmoja majoka wawili walikuwa wakipanda na kushuka mawinguni. Katikati maandishi meusi ya Kichina yalisimama safu safu, na juu yake mhuri mkubwa mwekundu.

"Mjomba, hiki ni cha mfalme wa China. Kina miaka mia tatu. Mwenye nacho anataka milioni nane. Nitafutie mtu."

Nilimuuliza kimetoka wapi. Kwa baharia, akasema. Baharia gani? Alishuka bandarini zamani. Kwa meli ipi, mwaka gani, akamwachia nani? Kijana akatazama majoka. "Hayo sikuuliza, mjomba."

Katika kitabu hiki tumekwisha kutana na vitu vingi vilivyovuka Bahari ya Hindi, na kila kimoja nimejaribu kukirudisha kwenye njia yake: nani alikibeba, nani alikipokea, kiliwekwa wapi. Kitu kikongwe kisicho na njia nyuma yake ni kama mgeni asiyetaka kutaja kwao. Unaweza kumpa chakula, lakini huwezi kumsaidia kufika kwa watu wake. Ndiyo maana sikuweza kusema lolote juu ya milioni nane kabla ya kumweleza kijana yule gombo la namna hii lilikuwa nini hasa.

Wachina huliita gaoming. Halikuwa agizo la vita wala mkataba wa biashara. Lilikuwa hati ya heshima, ambayo mfalme alimtunuku mtumishi wake. Utumishi wa dola ulikuwa na madaraja tisa. Walio katika matano ya juu walipewa gaoming, na walio katika manne ya chini walipewa hati ndogo iitwayo chiming. Katika nasaba ya Qing, iliyotawala kuanzia 1644 hadi 1912, hati hizi ziliandikwa kwa lugha mbili, kwa sababu watawala wenyewe walikuwa Wamanchu. Kichina kilianzia kulia kikielekea kushoto, Kimanchu kilianzia kushoto kikielekea kulia, na lugha hizo mbili zilikuja kukutana katikati ya hariri, zikisema jambo lile lile.

Lakini kilichonigusa mimi nilipojifunza habari hizi ni watu waliotajwa ndani yake. Heshima haikuishia kwa mtumishi. Ilimfikia mkewe, baba yake na mama yake, na kwa wenye vyeo vikubwa ilipanda hadi kwa babu na bibi. Tena haikuzuiwa na kifo. Mtu alipopanda daraja, mama yake aliyekwisha kufariki alipandishwa naye, akaandikwa jina na sifa kwa jina la mfalme, na hariri ile ikarudi kijijini kwao kutunzwa na ukoo. Magombo mengi yanayouzwa leo kwa majoka yake ni hati za kuwaenzi wazazi, na baadhi ya wazazi hao walikuwa marehemu.

Yalivyotawanyika ni habari ndefu ninayoweza kuisema kwa ufupi. Dola ilianguka 1912. Vikafuata vita, njaa na ukimbizi, na koo zilizokuwa na hariri ziliuza hariri. Kisha wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, kukutwa na hati ya mfalme nyumbani kuliweza kumletea mtu balaa, na nyingi zilichomwa moto na wenyewe. Zilizosalia ziko katika majumba ya makumbusho, mikononi mwa wakusanyaji, na minadani. Bei zilipopanda, waigizaji nao wakaingia kazini.

Kwa hiyo nilitoka nikaazima lenzi ya fundi saa wa mtaani. Hariri ya kweli ya kazi hii ilifumwa, nyuzi za rangi zikipita na kurudi kwenye kitanda cha mfumi, na wino wa mwandishi ukazama kati ya nyuzi ukafuata njia zake. Niliinama juu ya joka la kulia. Nyuzi zilikuwepo, nyembamba na za kufanana mno, lakini joka halikuwa ndani ya nyuzi. Lilikuwa juu yake. Na mhuri ule mwekundu, chini ya lenzi, ulivunjika ukawa nukta: nukta za waridi, nukta za manjano, zimepangwa safu kama picha ya gazeti. Nikampa kijana lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, akisogea kutoka kwenye mhuri hadi kwenye mawingu, kutoka mawinguni hadi kwenye ukucha wa joka.

"Imechapwa," akasema.

"Imechapwa, mwanangu."

Alilikunja gombo lake bila kinyongo, lakini hakuondoka. Akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi Tanga, na kila mara hunifurahisha. "Sasa babu alikuwa akisema Wachina walifika huku. Yale mabakuli ya makaburini Tongoni si waliyaleta wao?"

Lipo gombo moja la hariri la kifalme linalotuhusu sisi watu wa pwani, nalo haliko sokoni. Mwaka 1414 mfalme Yongle wa nasaba ya Ming alipelekewa twiga na mtawala wa Bengali. Wachina hawakuwa na mnyama kama huyo, ila katika simulizi zao kulikuwa na kiumbe wa baraka aitwaye qilin, anayetokea zama za mfalme mwadilifu tu. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba neno la Kisomali la twiga, geri, lilipofika masikioni mwa Wachina lilisikika kama jina la kiumbe huyo. Twiga akachorwa kwenye hariri, ameshikwa kamba na mtunzaji mwenye kilemba, na juu ya picha Shen Du, mwandishi mashuhuri wa kasri, akaandika utenzi wa kumsifu mfalme. Picha za asili hiyo zimehifadhiwa Taipei na Philadelphia. Bengali hakuna twiga wa porini. Mnyama yule alikuwa mtu wa Afrika kama sisi, na mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wenyewe walifika China na twiga wao.

Nikitazama picha ile huangalia zaidi mwili wa mnyama kuliko maandishi. Mabaka yake yamechorwa kama vigae vilivyopangwa kwa mkono wa fundi anayependa usawa. Shingo imenyooka, kichwa kimeinuliwa. Ametoka katika nyika zetu, amevuka bahari akiwa amefungwa kwenye jahazi, amelishwa majani asiyoyajua, mpaka amefika mahali ambapo watu wanamwinamia. Sidhani kuna Mswahili anayeweza kuitazama hariri ile bila kumwonea huruma.

Misafara ya Zheng He, amiri wa meli za Ming, ilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433, na kumbukumbu zake zinataja Mogadishu, Barawa na Malindi. Mtangata, jina la kale la upande wa Tongoni, haumo. Zipo alama nyingine za China kwenye pwani hii. Mwaka 1945 lilifukuliwa rundo la sarafu za Kichina Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja, nyingi zikiwa za nasaba ya Song, iliyotangulia mbali misafara hiyo. Mwaka 2013 sarafu ya Yongle ilipatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu. Lakini sarafu husafiri mifukoni mwa watu wa kila taifa, na bakuli husafiri katika chombo cha yeyote aliyelinunua. Nilimwambia kijana ninachokiamini: mabakuli ya Tongoni yaliletwa na watu wetu na jamaa zetu wa ng'ambo. Yalichomwa katika matanuri ya Longquan, yale ya kijani, na ya Jingdezhen, yale meupe ya buluu. Yakashushwa chini kabisa ya merikebu, maana ni mazito na hayaogopi maji, yakafika Malabar na Hormuz, yakauzwa, yakapakiwa tena, na kaskazi ilipovuma yakaja huku pamoja na vitambaa na shanga. Kurudi walingoja kusi. Hariri nayo ilikuja kwa njia hizo hizo. Mafundi wa Pate walikuwa wakiifumua hariri ya kigeni uzi kwa uzi na kuifuma upya kwa mtindo wao. Lakini udongo wetu una chumvi na unyevu, na hariri ni chakula cha wadudu. Iliyovaliwa Mtangata imekwisha. Kauri ndiyo iliyobaki, au ilipaswa kubaki.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda.

Tongoni iko kama kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga, kwenye barabara ya Pangani. Njiani unaipita Machui, alikozikwa Shaaban Robert. Kisha minazi, kisha ubao wa Mambo ya Kale, na njia ya mchanga inayoshuka kuelekea mikoko. Jina lenyewe ni maelezo: tongo ni mahame, mahali palipohamwa. Wareno walipita hapa Aprili 1498, na chombo cha Vasco da Gama kiitwacho São Rafael kikapanda mwamba nje ya pwani hii, bahari ilipokupwa. Wenyeji waliwaendea kwa mitumbwi na machungwa. Maji yalipojaa chombo kikaelea tena. Mwaka uliofuata, Wareno wakirejea kwao, mabaharia wengi wamekufa kwa ugonjwa na waliobaki hawatoshi kuendesha vyombo vyote, walikitia moto papa hapa.

Msikiti umebaki kuta, na mihrabu yake ingali inaonyesha kibla. Kandoni yapo makaburi kama 40, mengi ya karne ya 14 na ya 15, na hakuna mahali pengine kwenye pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi namna hii. Kaburi la nguzo ni ukuta mfupi unaomzunguka marehemu, na upande wa kichwani nguzo ndefu ya mawe ya tumbawe, ya pembe nne au pembe nane, iliyozidi urefu wa mtu. Nyingi zimeanguka. Zimelala kwenye majani kama minazi iliyokatwa, na unaweza kuzisoma ukiwa umechuchumaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mafundi walikata tumbawe laini baharini lingali bichi, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo yaliyopangwa duara, kisha ikaachwa muda ikilala na kunyonya unyevu. Nguzo ilipokwisha kujengwa ilipigwa lipu, na lipu ikiwa bado mbichi fundi alichukua bakuli la kauri, akaligeuza uso nje, akalikandamiza kwa kiganja. Chokaa iliingia nyuma ya bakuli na kukishika kitako chake. Ilipokauka, bakuli lilikuwa sehemu ya kaburi. Jua likipanda lilimulika.

Hebu fikiria gharama yake. Hili lilikuwa bakuli la kuwekwa kwenye kidaka, sebuleni, mbele ya wageni. Lilikwisha safiri miezi na miezi na kupita mikono ya wafanyabiashara wa mataifa manne au matano. Mtu wa Mtangata akalinunua, akalitoa kwenye matumizi ya dunia moja kwa moja, akampa marehemu wake. Halitatumiwa tena, halitauzwa tena, halitarithiwa. Naona hapo jambo lile lile lililo kwenye hariri ya Kichina, mama aliyekufa akipandishwa daraja na mwanawe. Watu wawili wasiojuana, mmoja huko na mmoja hapa, kila mmoja alitafuta kitu cha thamani kuliko vyote alivyoweza kupata, akakifunga kwenye jina la mzazi ili kisiondoke.

Vikaondoka. Leo huoni bakuli zima kwenye nguzo za Tongoni. Unaona matundu. Ndivyo ilivyo pia Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako sahani zimebanduliwa nguzoni, na ndivyo ilivyo katika makaburi mengi ya pwani. Wengine walibandua kwa patasi, bakuli likavunjika na kutupwa, wengine walifanikiwa.

Habari moja ya Tongoni imeandikwa na aliyeitenda. Msafiri Mwingereza, Richard Burton, alipita hapa mwanzoni mwa 1857 pamoja na mwenzake Speke, kabla ya safari yao ya maziwa makuu. Kwenye kaburi mojawapo alikuta kigae kilichong'arishwa, chenye maandishi ya Kiajemi. Wenyeji walikiheshimu sana. Walimsimulia kwamba Kimweri, mfalme wa Usambaa, aliwahi kutuma watu wakakichukua, na kumi na tisa kati yao wakafa vifo visivyoelezeka, mpaka kigae kikarudishwa mahali pake. Burton akatoa fedha kidogo, na mkubwa wa pale akamruhusu kukibandua. Kilikwenda Uingereza.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara hukwama mahali pale pale, kwenye fedha kidogo. Kimweri alikuwa na jeshi, na kigae kikamshinda. Kilichotulindia mahame yale kilikuwa hofu na heshima ya watu wenyewe, na siku ambayo mmoja alikubali kuipangia bei, ulinzi ulikwisha. Simlaumu yule mkubwa. Huenda ulikuwa mwaka wa shida. Lakini natamani angekataa.

Sasa tuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kubandua kauri kwenye nguzo ni kulivunja kaburi lenyewe, hata kama bakuli lilitengenezwa China. China nayo imefunga milango kwa vitu vyake: vilivyotengenezwa kabla ya 1911 haviruhusiwi kutolewa nchini kuuzwa. Sheria hizi mbili ni nzuri, na mtu akiletewa kitu cha kale anapaswa kukipeleka kwa ofisi ya Mambo ya Kale au makumbusho kabla ya kukipeleka kwa dalali. Ila zote mbili zilikuja baada ya vingi kwisha kuondoka.

Kijana wangu alizunguka peke yake muda mrefu. Nilikaa kivulini nikamwacha. Upepo ulikuwa unatoka baharini, na maji yalikuwa yamekupwa hata matope ya mikoko yakasikika harufu. Kwenye kaburi moja kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe na majivu ya ubani, kwa maana wapo wanaokuja bado kuomba dua hapa, na mimi siwakatazi moyoni mwangu.

"Mjomba, njoo."

Alikuwa amepiga magoti kando ya nguzo iliyolala. Ameingiza vidole katika tundu moja, la duara, lenye kina cha bakuli dogo. Nikapiga magoti nami. Ndani kabisa chokaa ilikuwa laini, nyeupe kuliko huku nje, na katikati yake palikuwa na mfereji mwembamba wa mviringo, kama pete. Ni alama ya kitako. Bakuli lilikaa pale miaka mamia, na chokaa ilikishika kitako chake kwa uaminifu hata kilipong'olewa umbo lake likabaki. Kwa pete ile mtaalamu anaweza kupima ukubwa wa bakuli. Akiwa na bahati, akikuta kigae kimeng'ang'ania ukingoni, anaweza pia kusema limetoka tanuri gani.

Kilikuwepo. Kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, cha kijani kibichi kilichopauka, rangi ya maji ya kina kifupi juu ya mchanga. Kijana alikigusa kwa ncha ya kidole. Hakikutikisika.

"Kinatoka?" nikamuuliza.

Akakitazama, kisha akatazama ukubwa wa kaburi, kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hapana," akasema, akatoa mkono wake tunduni. Akakusanya majani makavu yaliyokuwa yameingia mle, akayatoa moja moja, akapuliza mchanga.

"Huyu alikuwa nani, mjomba?"

Jina halijaandikwa. Nilimwonyesha ukuta wa kaburi ulivyopambwa na urefu wa nguzo ilipokuwa imesimama, tukaupima kwa hatua, yeye akihesabu kwa sauti. Kisha tukasoma Fatiha, tukaenda kutafuta gari la kurudi mjini.

Gombo la majoka liko kwangu hadi leo. Mwenye nalo hakulitaka tena. Nimelitundika chumbani ninapoandikia, pamoja na picha ya ile pete ya chokaa, ambayo kijana aliipiga kwa simu siku ile akanipelekea usiku, bila neno lolote chini yake.